Michoro ya awali ya vitabu vya fantasia: penseli au jaribio la rangi?

Kalamu Kavu: Wakuu salaam. Nataka kuanza kukusanya michoro ya awali, ile anayochora msanii kabla ya picha ya kitabuni. Nina pauni 400, niko Birmingham. Nimeona viwili: joka la penseli, msanii anauza mwenyewe, na kijipicha cha rangi za maji, msanii akijaribia rangi, kilichoko mnadani. Mngechukua kipi?

Mama Fremu: Penseli. Mnadani, bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho inayotangazwa, siyo utakayolipa, kuna ada ya mnunuzi ambayo kwenye minada mingi inapita asilimia 20. Halafu penseli haipauki kwa mwanga, rangi za maji zinapauka. Msanii akuandikie kwa mkono ni ya kitabu gani, ukurasa gani.

Bwana Wino: Mimi nakataa. Kwenye kile kijipicha ndiko unaona msanii akiamua mwanga utoke wapi. Penseli nyingine ni za kunakilia tu, mistari imekufa. Ligeuze hilo joka: ukikuta nyuma pamepakwa penseli pakawa peusi, ujue lilitumika kuhamishia mchoro kwenye ubao wa picha ya mwisho.

Mama Fremu: Weusi huo ndio ninaoutafuta mie! Ni ushahidi kwamba karatasi ilifanya kazi.

Chausiku: Kabla hamjagombana, mwulizeni msanii kama joka lilichorwa kabla ya picha au baada. Wapo wanaochora upya kwa ajili ya wateja. Si utapeli wakisema, ila huo si mchoro wa awali. Na wengi siku hizi wanachora kwenye tableti, karatasi haipo kabisa. Picha kamili tuwaachie matajiri: ile ya Thomas Taylor ya jalada la kwanza la Harry Potter iliuzwa pauni 85,750 mwaka 2001, na 2024 kwenye mnada wa Sotheby's huko New York ikafika dola milioni 1.9.

Kalamu Kavu: Amejibu. Ni la kabla, na anazo karatasi mbili za joka hilohilo. Moja safi. Nyingine bawa la kushoto limefutwa likachorwa upya, alama za kifutio zinaonekana. Bei sawa, 350 pamoja na posta.

Bwana Wino: Hapo nimenyoosha mikono. Chukua la bawa lililofutwa. Ila usije ukalichapa kwenye fulana, hakimiliki inabaki kwake.

Mama Fremu: Na selotepu isiguse karatasi hiyo. Kadibodi isiyo na asidi, basi.