Tuwaambieje wazee "waskroli"?

Swali: Mwandishi wa mwongozo, Nairobi

Hamjambo nyote. Ninaandaa mwongozo wa kuwasaidia wanachama wa chama chetu cha akiba, wengi wao wazee wa Eastlands, kujaza fomu kwa simu. Kitufe cha "Wasilisha" kiko mwisho kabisa wa ukurasa, kwa hiyo sina budi kukieleza kitendo ambacho vijana wa hapa hukiita kuskroli, yaani kuusogeza ukurasa ili sehemu isiyoonekana kwenye kioo ionekane. Rasimu yangu ilisema "sogeza ukurasa chini." Juma lililopita mama mmoja aliifuata kama ilivyoandikwa: aliweka kidole kwenye kioo akakivuta kuelekea chini, ukurasa ukajipakia upya, na yote aliyokuwa amejaza yakapotea. Alidhani amekosea yeye, ilhali maneno yangu ndiyo yaliyompotosha, na jambo hilo limeniuma. Mngeandikaje?

Jibu: Mhudumu wa saiba (duka la intaneti), Umoja

Andika "skroli." Wateja wangu wanalielewa neno hilo hata kama hawajui Kiingereza, nalo limezoeleka kama kuchaji na kuprinti.

Jibu: Mfasiri

Sina ugomvi na neno la kukopa, lakini mama huyo angeambiwa "skroli chini" bado angeweza kuvuta kidole chini, kwa sababu tatizo limo katika mwelekeo. Anayezungusha gurudumu la kipanya cha kompyuta kuelekea kwake huteremka katika ukurasa. Kwenye simu, kidole kinasukuma maandishi yenyewe, hivyo ili yaliyo chini yaonekane, kidole hakina budi kupanda. Hata Apple walipougeuza mwelekeo huo kwenye kompyuta zao mwaka 2011 ili ufanane na wa simu, watumiaji wengi walitatizika, nao walikuwa wazoefu.

Wapo wanaopendekeza "viringisha," na wana hoja, kwani neno la Kiingereza lilitokana na gombo, yaani maandishi marefu yaliyoviringishwa na kufunguliwa kadiri mtu anavyosoma. Hata hivyo, mzee akiambiwa aviringishe ukurasa atabaki akiutazama tu. Mimi ningeandika "teremka hadi mwisho wa ukurasa," kwa kuwa hapo anayekwenda chini ni msomaji, wala hakuna kitu anachoagizwa kukivuta. Harakati ya kidole ieleze katika sentensi ya pili: "Gusa katikati ya kioo, kisha sukuma kidole kuelekea juu."

Jibu: Mwalimu mstaafu

Naafikiana na Mfasiri kuhusu "teremka," ila nina shaka na hiyo "juu" yake. Sisi wazee mara nyingi tunailaza simu mezani au kiganjani, na kwa simu iliyolazwa, "juu" ni hewani, kwa hiyo mtu anaweza kukiinua kidole badala ya kukisukuma. Mwelekezeni kwa kitu anachokiona, kwa mfano saa, ambayo kwa kawaida huonekana ukingoni mwa kioo.

Jibu: Mwandishi wa mwongozo

Ahsanteni sana, na kwako Mwalimu shukrani za pekee, kwa maana nisingeliwaza hilo la simu iliyolazwa. Leo jioni nimeketi na mama yule na maneno haya: "Teremka hadi mwisho wa ukurasa. Gusa katikati ya kioo, kisha sukuma kidole polepole kuelekea upande wenye saa. Rudia mpaka uone kitufe cha Wasilisha." Alisukuma mara nne, akakiona, akakibonyeza mwenyewe.