MJADALA: Bomba la gesi kwenye ardhi ya wenyeji, saini ya nani inahesabika?

Mleta mada (Tabata): Wadau, bomba la Coastal GasLink kule British Columbia, Kanada, lina urefu wa kilomita 670. Kampuni ilipata saini za mabaraza 20 ya kuchaguliwa ya wenyeji, lakini machifu wa kurithi wa jamii ya wenyeji ya Wet'suwet'en wakakataa lisipite kwao. Polisi waliwaondoa waliofunga njia mwaka 2019, 2020 na 2021, na bomba likakamilika 2023. Kwangu, machifu ndio waliokuwa na haki. Mabaraza yale yaliundwa na sheria ya serikali kusimamia vipande vya ardhi vilivyotengewa wenyeji tu, wakati mito na misitu ni mali ya koo. Kwenye kesi ya Delgamuukw ya 1997, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema haki ya ardhi ya asili ni ya jamii kwa pamoja, ingawa haikuchora mipaka.

Mdau (Kinyerezi): Mkuu, hao 20 nao ni wenyeji, na walisaini wakitazama ajira na mapato. Kila ukoo ukiwa na kura ya turufu, hakuna bomba litakalofika popote. Gesi inayozalisha umeme hapa Kinyerezi imepita Lindi na Pwani ikitokea Mtwara. Na ghasia za Mtwara za 2013 zilihusu manufaa ya gesi kubaki kusini, siyo mababu.

Mdau (Mbagala): Ndugu wa Kinyerezi, kura ya turufu unayoiogopa imo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 4. Uhawilishaji (yaani kuihamisha itoke mikononi mwa kijiji) wa ardhi ya kijiji usiozidi hekta 250 unakubaliwa au kukataliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ukizidi hapo, anaamua Waziri. Sasa piga hesabu: mkuza (ukanda wa kupitishia bomba) wa upana wa mita 30 ukipita kilomita 10 ndani ya kijiji ni hekta 30. Ili ufike hekta 250 unahitaji zaidi ya kilomita 83 kwenye kijiji kimoja! Tena aina, kiasi na muda wa kulipa fidia vinatakiwa kukubaliwa kabla ardhi haijahamishwa.

Mdau (Kinyerezi): Serikali bado ina Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 kwa manufaa ya umma.

Mdau (Mbagala): Ipo, na ndiyo maana nasisitiza saini. Panapoharibika ni pale halmashauri ya kijiji, watu wasiozidi 25, inapojadili peke yake halafu muhtasari unaandikwa kama wa mkutano mkuu. Mthamini akija anahesabu minazi, mikorosho na nyumba za mtu mmoja mmoja. Malisho, chanzo cha maji na msitu wa matambiko havina mtu wa kusaini, basi vinaachwa. Kule Kanada Mto Morice, unaopitiwa na bomba lile, ulikuwa hivyohivyo: udongo ulioachwa wazi kwenye miteremko ukisombwa na mvua, tope linafunika changarawe ambako samaki samoni hutaga, na mayai yanakosa hewa. Kampuni ilipigwa faini zaidi ya mara moja kwa kushindwa kudhibiti tope. Faini inaingia serikalini, mvuvi hapati kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, wanakijiji wadai nakala ya muhtasari wahesabu majina, na maeneo ya wote yaorodheshwe kwa mipaka yake kabla mthamini hajaanza kazi.