Castleton au Eyam kwa siku moja na mgeni kutoka nyumbani?

Nyota_Leicester
Wakuu, habari za leo. Tuna mgeni kutoka Tanga na tunataka kumtoa siku moja aone Uingereza ya vijijini, London keshaichoka. Nimebakiza vijiji viwili, vyote viko kwenye hifadhi ya Peak District upande wa Derbyshire: Castleton (ngome, mapango, mlima Mam Tor) na Eyam (kile kijiji cha tauni). Kipi bora? Au vyote viwili vinawezekana kwa siku moja? Kadi ya National Trust (shirika la kutunza majengo na maeneo ya kihistoria) tunayo, kwa hiyo viingilio si tatizo. Natanguliza shukrani.

Kipanga
Dada, hapo hujatupa kitu. Mgeni ana umri gani na magoti yake yakoje? Gari mnalo? Mnakwenda lini? Watoto wapo? Castleton ya Julai na ya Novemba ni sehemu mbili tofauti.

Halafu hiyo kadi usiitegemee. Ngome ya Peveril iko chini ya English Heritage, ni shirika jingine kabisa. Mapango yote manne yanalipiwa kivyake. Kadi yako itakusaidia kuegesha gari Mam Nick, chini ya kilele cha Mam Tor, basi.

Mchimba_Mawe
Castleton bila kufikiri. Lakini watu husema "tunakwenda mapangoni" kana kwamba ni pango moja. Yako manne ya kutembelea, na kila moja linataka mwili wa aina yake:

Peak Cavern liko kijijini penyewe, unafuata kijito mpaka mlangoni. Mdomo wake ndio mkubwa kuliko wa pango lolote la asili Uingereza. Wasokota kamba waliishi na kufanya kazi pale ndani kwa karne kadhaa, na vifaa vyao bado vinaonyeshwa. Kati ya manne, hili ndilo jepesi kwa mzee: njia nyingi ni tambarare, ila kuna sehemu dari limeshuka na inabidi kuinama hatua kadhaa. Mwenye mgongo mbovu ajue hilo mapema.

Speedwell ni mtaro wa wachimba madini ya risasi wa karne ya 18. Unashuka ngazi zaidi ya 100, kisha unapanda mashua na kofia ngumu kichwani, maana mwamba unapita juu yako kidogo tu. Mvua kubwa ikinyesha maji hupanda na safari husitishwa, kwa hiyo angalia tovuti yao asubuhi hiyo hiyo.

Treak Cliff lina mawe yaninginiayo mazuri kuliko mengine, lakini kutoka barabarani hadi mlangoni ni mpando mkali. Blue John Cavern ni ngazi zipatazo 245 kushuka, na kurudi juu ni zile zile, lifti hakuna.

Ndani ni baridi ya nyuzi 8 au 9 mwaka mzima. Kiangazi watu huingia na fulana wakatoka wanatetemeka. Viatu vya soli laini acha nyumbani.

Bi_Historia
Mimi nasema Eyam. Mapango yapo hata Amboni, tena hapo hapo Tanga kwao! Mtu wa Tanga umpeleke Derbyshire akaone pango la mawe ya chokaa?

Eyam ni kisa kisicho na mfano. Mwaka 1665 msaidizi wa mshonaji aitwaye George Viccars alifungua kitambaa kilicholetwa kutoka London, kinasemekana kilikuwa na viroboto, na baada ya siku chache akafa. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wajifungie wenyewe, asitoke mtu. Chakula kililetwa mpakani, nao wakaacha sarafu ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa. Jiwe la mpaka bado lipo kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton, na vitundu vya kuwekea sarafu unavitia kidole. Watu 260 walikufa kati ya 350.

Tena kwa mzee ni rahisi: kanisa, msalaba wa kale uwanjani, na nyumba zenye vibao vya majina ya waliofia humo, vyote viko kwenye mtaa mmoja.

Kipanga
Hiyo 350 ina utata, Bi. Watafiti waliopitia orodha ya kodi ya meko wanaona parokia ilikuwa na watu 700 au zaidi. Ni msiba bado, lakini ni theluthi, si robo tatu.

Na mtaa mmoja si Eyam yote. Jiwe la mpaka linafikiwa kwa njia ya shambani yenye matope. Makaburi ya Riley, ambako Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku 8 mwezi Agosti 1666, yako nje ya kijiji kwa mpando. Ukiviacha hivyo umesoma vibao tu.

Bi_Historia
Theluthi au robo tatu, waliojifungia ni wao. Endelea na milima yako.

Nyota_Leicester
Samahanini, kumbe sikutoa maelezo. Mgeni ni mama mkwe, miaka 66, goti la kulia linamsumbua kwenye ngazi. Mtoto wetu ana miaka 4, bado anapanda kigari. Ni wiki ya mwisho ya Oktoba. Gari letu dogo halitutoshi, hivyo ni treni, au... jumuiya yetu nayo imesikia, tunaweza kuwa watu 25 na kukodi basi.

Kipanga
Watu 25! Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo.

Kwanza tarehe. Wiki hiyo shule nyingi hufungwa, Castleton hujaa, na maegesho ya kijijini yanakuwa yameisha saa nne asubuhi. Pili, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma. Baada ya hapo jua linazama saa kumi na moja kasorobo, na bondeni giza huwahi zaidi. Panga kila kitu cha nje kiishe saa kumi. Tatu, kuelekea Novemba ngome ya Peveril hupunguza siku za kufungua, na makumbusho ya Eyam hufunga kwa majira ya baridi. Hakikisha tarehe kabla hujamwahidi mtu.

Kwa treni: Leicester hadi Sheffield ni kama saa moja, kisha treni ya kusimamasimama ya kwenda Manchester, mnashuka Hope, nusu saa hivi. Stesheni ya Hope iko kama kilomita 4 kutoka Castleton, msidhani mmeshafika. Basi namba 272 kutoka Sheffield linaingia Castleton kwenyewe, na kwa kigari cha mtoto ni nafuu kuliko kubadilisha njiani.

Dereva_Mstaafu
Kwa hao wa basi, someni hili kwanza, maana kuna kikundi cha kanisa kiliumbuka pale.

Walikodi basi la watu 49 kutoka kampuni moja ya mjini. Dereva hakuijua sehemu, akafuata ramani ya simu. Waliamua kupitia Buxton na Chapel-en-le-Frith, na simu ikawaonyesha njia fupi ya kushukia Castleton, nayo ni Winnats Pass. Ni korongo lenye kuta za mawe pande zote mbili, mteremko unazidi asilimia 20, barabara nyembamba, kondoo wamelala kandokando. Mabasi na magari ya zaidi ya tani 7.5 yamepigwa marufuku. Dereva akaona kibao wakati magari kumi yako nyuma yake.

Kugeuza basi la mita 12 pale juu ni shughuli. Msafara ukasimama, watu wakapiga honi, mwishowe ikabidi magari ya nyuma yarudi moja moja mpaka penye nafasi. Kisha wakazunguka kwa A623, wakashuka Bradwell, wakatokea Hope. Tiketi zao za pango za saa tano zikawa zimepita, na siku ya wingi wa watu hawakupata nafasi nyingine. Abiria walikasirika, kampuni ikasema njia ilichaguliwa na kikundi, kikundi kikasema kazi ya kujua barabara ni ya dereva. Pesa haikurudi mpaka leo.

Kwa hiyo mkataba uandikwe njia: kutoka Leicester mwingie kwa upande wa Hope, msikanyage Winnats. Na ulizeni mapema basi litaegeshwa wapi, msisubiri kufika.

Pwani_Manchester
Kwa nini hakuna barabara nyingine ya kawaida upande ule? Nimekuwa nikijiuliza.

Mchimba_Mawe
Ilikuwepo, A625, ikipita chini ya Mam Tor. Mlima wenyewe umejengwa kwa tabaka za mwamba wa mchanga juu ya mwamba laini wa udongo. Mvua ikizama, tabaka la chini linalegea na upande mzima unateleza polepole. Waliikarabati barabara ile miaka nenda rudi, mwaka 1979 wakaifunga moja kwa moja. Sasa inatembelewa kwa miguu: lami imekatika na kushuka kama ngazi, na kwenye mikato unahesabu tabaka za ukarabati, moja juu ya nyingine. Mtoto wa miaka 4 ataipenda kuliko ngome, ila kigari hakipiti.

Kipanga
Na Mam Tor yenyewe msiitupe. Mita 517, lakini kutoka Mam Nick unakuwa umeshapanda sehemu kubwa kwa gari. Kilichobaki ni ngazi na mawe bapa mpaka juu, nusu saa kwa mwendo wa taratibu. Tatizo la goti ni kushuka, si kupanda: fimbo mbili za kutembelea, na ngazi zikiwa na barafu au maji msijaribu. Basi lenu halifiki huko lakini, kwa hiyo ni kwa wenye magari madogo.

Ngome ya Peveril ni fupi ila kali. Njia inapanda kwa zigizaga, mabenchi yapo. Mnara mkuu ni wa mfalme Henry II, mwaka 1176. Kigari mtakiacha chini.

Bi_Historia
Ngazi, zigizaga, fimbo mbili. Narudia: Eyam.

Pwani_Manchester
Mama mkwe atataka zawadi. Ile Blue John wanayouza ni ya kweli?

Mchimba_Mawe
Ya kweli ipo, ni jiwe la madini ya floraiti lenye mistari ya zambarau na njano, na inachimbwa kidogo kidogo hapo Castleton tu. Lakini kuna floraiti ya China inayofanana nayo. Nunua kwenye maduka ya mapango yenyewe na uombe cheti. Usinunue pete: ugumu wake ni 4 tu kwenye kipimo cha Mohs, mchanga wa kawaida unaikwaruza, na mtu anayeosha vyombo kila siku ataiharibu mwaka huo huo. Kidani au herini.

Pwani_Manchester
Na chakula cha halali?

Dereva_Mstaafu
Vijijini kule msitegemee. Baa zinauza samaki na chipsi, ulizeni kama mafuta yanachanganywa na nyama. La uhakika ni kubeba: sambusa, mikate, chupa mbili za chai. Mkila shambani, geti mkilikuta limefungwa mlifunge, mkilikuta wazi mliache wazi.

Pwani_Manchester
Shambani kwa mtu tunaruhusiwa kupita kweli?

Kipanga
Kwenye njia ya umma, ndiyo. Mshale wa njano ni wa miguu, wa bluu ni wa miguu, farasi na baiskeli. Haki hiyo imepiganiwa hapo hapo jirani: Aprili 24, 1932 mamia ya watu walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa umma, watano wakafungwa jela. Hifadhi hii ikawa ya kwanza nchini mwaka 1951. Ila ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali, msipite katikati yao na ndama, hata kama njia imechorwa hapo. Mtandao wa simu bondeni ni wa kubahatisha, chukueni ramani ya karatasi: Castleton iko kwenye ramani ya Ordnance Survey namba OL1, Eyam kwenye OL24.

Nyota_Leicester
Asanteni sana wote. Nimemsomea mama mkwe. Peak Cavern ameikubali, Mam Tor amecheka tu. Sasa shemeji naye anasema mbona tusiende Chatsworth, lile kasri kubwa, kwa vile kadi tunayo.

Kipanga
Chatsworth si ya National Trust pia.

Dereva_Mstaafu
Ila basi linaingia bila shida. Na Bakewell iko karibu, mle ile pudingi yao ya lozi.

Bi_Historia
Kutoka Chatsworth mpaka Eyam ni mwendo mfupi tu kwa gari. Hata chakula cha wale waliojifungia kilitumwa na Earl wa Devonshire aliyekuwa Chatsworth. Nasema tu.