Kijana anayetibiwa Mathari amekamatwa: kuna mahakama yake Nairobi?

Msaidizi_Kayole
Habari zenu. Swali hili linarudi kila wiki Eastlands. Kijana yuko kliniki ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, ameacha dawa, amevunja kioo cha duka au amezua rabsha, na kesho anafikishwa mahakama ya Makadara. Marekani zipo mahakama za afya ya akili. Hapa je? Familia ianzie wapi? Na wanaopitia hizo za Marekani, wanasemaje?

Jalada_Wazi
Mahakama maalumu hatuna. Tulicho nacho ni kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai: hakimu akiwa na sababu ya kuamini kwamba mshtakiwa hawezi kujitetea kwa ajili ya hali ya akili yake, lazima alichunguze hilo kwanza. Lakini asubuhi ya kusoma mashtaka hakimu ana foleni ndefu na humwona mtu dakika mbili. Asipoambiwa, hana la kuchunguza.

Kwa hiyo fikeni kabla hakimu hajaingia. Mtafuteni kiongozi wa mashtaka na karani wa korti. Bebeni kadi ya kliniki, majina ya dawa na vipimo vyake, na tarehe ya sindano ya mwisho. Toeni nakala tatu: ya jalada, ya kiongozi wa mashtaka, ya polisi wa korokoroni. Kadi yenyewe msiiachie mtu.

Akiitwa kabla hamjasikilizwa, mmoja ainue mkono aseme: "Mheshimiwa, huyu ni mgonjwa wa Mathari, tunaomba apimwe kabla ya kujibu mashtaka." Basi. Msianze historia ya ukoo.

Akikataa kujibu, hakimu huandika kwamba amekana, na hapo hajapoteza kitu. Balaa ni akisema "ni kweli" ili tu ashuke kizimbani. Atasomewa maelezo ya kosa, akikubali anatiwa hatiani, na hukumu inaweza kutoka siku hiyohiyo. Rufaa ina siku 14, na kumshawishi jaji kwamba hakuelewa alichokubali ni kazi ya wakili.

Amri ya kupimwa ikitolewa, mambo hukwama kwenye usafiri. Siku ya kesi kutajwa inafika, ripoti hakuna, anarudishwa rumande. Chukueni nakala ya amri, mumuulize afisa wa upelelezi anampeleka siku gani, na ndugu mmoja awe Mathari siku hiyo. Daktari hawezi kupata historia ya mgonjwa kutoka kwa askari aliyemsindikiza.

Zamu_ya_Usiku
Naongeza jambo linalokosewa sana. Ripoti inayosema "anaweza kujibu mashtaka" inazungumzia siku aliyopimwa. Haisemi alikuwaje siku ya tukio. Hayo ni maswali mawili, na daktari hujibu lililoandikwa kwenye amri, kwa hiyo ombeni yaandikwe yote mawili.

Pili, dawa. Mtu wa Modecate, sindano ya maradhi ya akili ya kila wiki nne, akikaa rumande wiki sita bila zahanati ya gereza kuarifiwa, msishangae akirudi kortini sauti zimeanza upya. Na kuna kinyume chake: aliyepewa haloperidol, dawa nyingine ya maradhi hayo, bila Artane ya kupunguza madhara yake, anaweza kusimama kizimbani miguu haitulii, uso umekakamaa, mate yanamchuruzika. Asiyejua ataona dharau au ulevi. Mwombeni daktari aandike wazi kwamba hayo ni madhara ya dawa.

Jalada_Wazi
Kweli kabisa. Na kwa kesi ndogo msikimbilie utetezi wa wazimu. Chini ya kifungu cha 166, anayeonekana alitenda kosa akiwa hana akili timamu huzuiliwa akisubiri amri ya Rais, na ripoti ya kwanza ya kufikiria hali yake imewekewa miaka mitatu tangu amri hiyo, kisha kila miaka miwili. Mahakama Kuu ya Kisumu ilisema mwaka 2018 kwamba kumwachia Rais uamuzi huo badala ya mahakama kunakiuka Katiba. Hata hivyo, rabsha adhabu yake haizidi miezi sita. Kwa nini umwingize mtu kwenye njia hiyo? Mlipeni mwenye duka kioo chake, kisha muombe upande wa mashtaka uiondoe kesi.

Mtaa_wa_Pili
Kuhusu Marekani: inayotajwa kuwa ya kwanza ni ya Broward, Florida, 1997, iliyoanza na makosa madogo. Kuingia ni kwa hiari. Hakimu, mwendesha mashtaka, wakili na mfanyakazi wa jamii hukaa pamoja kabla ya kikao, halafu hakimu anazungumza na mshiriki mwenyewe: unalala wapi, dawa umeipata? Wengi husifu hilo, kuongeleshwa kama mtu. Manung'uniko nayo yapo. Uangalizi unaweza kuzidi kifungo ambacho angepata. Baadhi ya mahakama hudai akiri kosa ndipo apokewe. Akikosa miadi anaweza kulazwa jela siku chache. Na hiari ya mtu aliye mahabusu, anayetaka tu kutoka, ni hiari nusu.

Msaidizi_Kayole
Asanteni. Kwa hapa, baada ya kupimwa akionekana hawezi kujitetea, lazima arudi rumande? Na mdhamini awe na hati ya shamba?

Jalada_Wazi
Si lazima. Kifungu kidogo cha tatu cha 162 kinaruhusu aachiliwe, kosa likiwa la dhamana, mradi kuwe na dhamana ya kutosha kwamba atatunzwa, hatajidhuru wala kudhuru wengine, na ataletwa akihitajika. Kiwango anapanga hakimu. Hati ya shamba inasaidia, ila swali litakalowabana ni la utunzaji. Andikeni ukurasa mmoja: atakaa kwa nani, nani anampa dawa asubuhi na jioni, kliniki ni tarehe ngapi, na nani anabaki na mgonjwa mtunzaji akienda kazini. Hilo la mwisho hakimu huuliza, na ndilo familia huja bila jibu. Ambatanisheni kitambulisho cha mtunzaji na barua ya chifu.