MIDI kontrola ya kutengeneza mwenyewe: Uno, Pro Micro, Pico au Teensy? Mlionazo njooni hapa

KipimaBiti (Mwanga, Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Mi natengeneza biti hapa Mwanga, singeli kwa pesa na kwaya kwa baraka, laptopu moja ya Windows na programu ya muziki ya FL Studio basi. Miaka yote nazungusha filta kwa mausi na nimechoka, mausi ni mkono mmoja, ukishika filta riverbu inakusubiri, na singeli kwa spidi ile hata hujasogea biti imeshapita. Nataka kontrola ya MIDI (ile lugha vyombo vya muziki vinayoongea na kompyuta), ya volyumu 8 za kuzungusha na pedi 16.

Nina bodi ya Arduino Uno ya kichina ilibaki kwenye projekti ya chuo, nimeihangaikia wiki mbili. Inafanya kazi ila kwa mbinde. Uno kwenye USB haijitambulishi kama kifaa cha MIDI, kompyuta inaiona kama COM, yaani mlango wa siriali tu, kwa hiyo unawasha Hairless MIDI itafsiri, halafu loopMIDI ipeleke kwenye FL. Programu mbili kila nikiwasha mashine, na nikisahau kufunga lile dirisha la siriali la Arduino basi Hairless inagoma maana COM imeshashikwa.

Kibaya zaidi juzi. Nimebofya nobu ya katofu (ile inayosogeza filta) kwa kulia, nikachagua kuiunganisha na kontrola ijitafutie yenyewe, kabla hata sijagusa volyumu imeshadaka namba nyingine kabisa. Nikarudia. Ikadaka nyingine tena. Mpaka saa saba usiku nipo pale pale.

Sasa naona kuna Pro Micro, Raspberry Pi Pico na Teensy. Nichukue ipi? Vitu vitatoka Kariakoo kwa basi, nikikosea ni wiki nzima imekufa.

SinaMudaHuo

Nunua Akai MPK Mini iliyotumika, ina nobu 8, pedi 8 na vitufe 25 vya kinanda. Unachomeka unapiga. Hayo mengine ni kujitafutia pressure.

KipimaBiti

Nimesema pedi 16 mkuu. Halafu tafuta iliyotumika hapa Kigoma uniletee.

BintiWaIsevya (Tabora)

Kaka kabla ya bodi tumalize hilo la saa saba usiku. Kodi yako inasoma pini za analogi A0 mpaka A5 si ndio? Na umechomeka volyumu ngapi?

KipimaBiti

Nne... kha.

BintiWaIsevya

Basi A4 na A5 zinaelea hewani. Pini ya analogi ambayo haijashikwa na kitu haisomi sifuri, inadaka kila upepo unaopita, inamwaga namba mfululizo, na FL ikitafuta nani kasogea inawakuta hao wawili wanaruka ruka. Zifute kwenye kodi (sio ile ya TRA) au ziunge kwenye graundi. FL haina kosa.

Sasa bodi. Watu wanashindana ipi ina nguvu, hiyo nguvu huihitaji, ujumbe wa MIDI ni baiti tatu tu. Uliza mambo mawili: chipu yenyewe inaongea USB moja kwa moja? Na pini zinatosha? Uno imeanguka kwenye la kwanza, ile ATmega328P haina USB, kuna chipu ya pembeni inayomtafsiria. Kwenye Uno orijino hiyo ya pembeni ni ATmega16U2, unaweza kuiwekea fimwea (programu ya ndani ya chipu) nyingine ikajitambulisha kama MIDI. Ya kichina mara nyingi ni CH340, hiyo haibadilishiki, ndo imetoka hivyo. Pro Micro, Pico na Teensy zote zimefaulu la kwanza, so tunabaki na hesabu ya pini.

Mgebuka_Mkavu (Kibirizi)

Pro Micro hapa, mwaka wa pili. ATmega32U4, maktaba ya MIDIUSB, unachomeka FL inaiona papo hapo. Ina pini 18, na 9 kati ya hizo zinasoma analogi, kwa hiyo volyumu zako 8 zinaingia moja kwa moja hamna kona kona. Zinabaki pini 10, pedi 16 hazitoshi moja moja lakini ukizipanga 4 kwa 4 unatumia pini 8 tu. Ila usisahau daiodi 1N4148 kila pedi, inaruhusu umeme upite upande mmoja tu!! Mi nilijifanya mjanja nikaziacha, ukibonyeza pedi tatu za pembe ya mraba ya nne inalia yenyewe. Kwenye mazoezi mtu akaniuliza hiyo snea ya ziada ni staili mpya.

Angalizo la pili, kitundu cha USB. Kimeshikiliwa juu juu, ukivuta waya vibaya kinang'oka na njia zake. Mwagia gundi ya moto siku ya kwanza.

BintiWaIsevya

Na kuna za 5V na za 3.3V, sura moja. Ukichagua isiyo yake wakati wa kupakia kodi, bodi inapotea kwenye kompyuta utadhani imekufa. Gusisha RST na GND mara mbili harakaharaka, unapata sekunde 8 za kuiwahi.

Mi natumia Pico. Chipu ya RP2040, ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Udhaifu wake analogi ni tatu tu, GP26, 27 na 28, kwa hiyo volyumu 8 lazima uweke malteplekisa ya kusoma moja moja kwa zamu, kale kabodi ka 74HC4067 kenye njia 16. Kanakula pini 4 za kuchagua njia na moja ya kusoma, jumla 5. Pico ina pini 26, toa 5 zinabaki 21, pedi zako 16 zinaingia kila moja na pini yake. Hamna daiodi hata moja. Kwa hiyo kaka ni hivi, Pro Micro unasolda daiodi 16, Pico unasolda kabodi kamoja. Mi mvivu, nilichagua kamoja.

KipimaBiti

Dada hesabu hiyo ndo nilikuwa naitafuta. Na Teensy?

BintiWaIsevya

Teensy tamu. Unachagua MIDI kwenye menyu ya aina ya USB, unaandika usbMIDI mstari mmoja kazi imekwisha, na Teensy 4.0 inakimbia megahezi 600. Ila volyumu nane na vitufe kuviendesha na megahezi 600 ni kukodi lori ubebe mkungu wa ndizi. Siku ukitaka bodi yenyewe itoe sauti tutaongea.

MpigaKinandaParokia

Jamani Uno msiitupe. MIDI ilizaliwa 1983, kabla ya USB, na kinanda chetu cha parokia kina tundu la mviringo la pini tano. Hapo Uno inajua kazi yake: TX (pini ya kutuma) kwenye pini ya 5 kupitia rizista ya omu 220, 5V kwenye pini ya 4 kupitia 220 nyingine, graundi pini ya 2, spidi 31250. Hamna Hairless hamna laptopu. Nimetengeneza pedali ya mguu ya kubadilisha sauti, misa nzima sijainua mkono. Kupokea ndo kuna kazi kidogo, inataka optokapla (inapitisha ishara kwa mwanga) kama 6N138.

FundiRedioUjiji

Vijana mmesahau volyumu zenyewe. Kipima, umezitoa wapi?

KipimaBiti

Shikamoo mzee. Nimezinyofoa kwenye redio bovu, nimenunua lile redio zima kwa fundi.

FundiRedioUjiji

Marahaba. Angalia mgongoni imeandikwa A au B.

KipimaBiti

A50K. Zina miguu sita.

FundiRedioUjiji

Sita ni ya stirio, mbili katika mhimili mmoja, tumia mitatu ya upande mmoja. Tatizo ni hiyo A. Hiyo ya sauti, haiendi sawasawa, imefuata sikio la mtu. Ukifika katikati ya mzunguko utaona inasoma kumi na kitu wakati ilitakiwa 64, halafu mwishoni inakimbia kama mbuzi kaona mvua. Tafuta B10K, B ndo inaenda sawasawa.

KipimaBiti

Mzee umekuwepo chumbani kwangu nini?? Nilidhani nimekosea kodi. Na jingine, nikiwa nimechomeka chaja namba zinacheza 63, 64, 63, 64 bila kugusa. Nikichomoa chaja zinatulia.

FundiRedioUjiji

Chaja ya pini mbili hiyo, haina ethi. Pitisha mgongo wa vidole taratibu kwenye chuma cha volyumu utasikia kama kunatetemeka. Unga chuma cha volyumu zote na graundi ya bodi, na weka kapasita ya 100n kati ya mguu wa kati na graundi.

BintiWaIsevya

Halafu malizia kwenye kodi. Uno inasoma 0 mpaka 1023, MIDI inataka 0 mpaka 127. Watu wanagawanya kwa 8 wakiona imebadilika wanatuma, ndo hiyo 63, 64. Wewe linganisha ile namba kubwa kwanza, isipopishana na iliyotumwa mwisho kwa kama 8 kaa kimya. Kwenye Pico pia itacheza, ile saketi yake ya umeme ina kelele, weka GP23 juu inapungua. Na KAMWE usipeleke 5V kwenye volyumu ya Pico, chukua pini ya 36, 3.3V. Ya kwangu ya kwanza ilikufa hivyo, hata moshi haikutoa, ilinyamaza tu.

SinaMudaHuo

Sasa mmeona? Angekuwa na Akai saa hizi yuko hewani.

Mgebuka_Mkavu

Ukipiga pedi sauti inachelewa? Maana kuna watu wanabadilisha bodi tatu kumbe tatizo ni bafa ya sauti, ile akiba kompyuta inayojaza kwanza kabla ya kuitoa. Sampo 2048 kwa 44100 ni karibu milisekunde 46 hizo, hata uweke roketi chini yake. Shusha 512 ni kama 12, vidole vinakubali.

KipimaBiti

Ilikuwa 2048 😂 Nimeacha hivyo tangu nainstoo. Haya nachukua Pico na 4067, volyumu B10K nane. Pedi nilitaka zijue nimepiga kwa nguvu au polepole.

BintiWaIsevya

Swichi haijui nguvu, inajua ndio na hapana. Ukitaka nguvu ni piezo (kisahani kinachotoa umeme kikigongwa) na rizista ya megaomu 1 sambamba, kila pedi analogi yake, hapo hesabu ya pini inaanza upya. Anza na swichi. Na boksi? Mi nilichongewa la mninga na seremala wa hapa Isevya, zito, halitembei mezani.

KipimaBiti

Boksi la king'amuzi bovu. Mninga tutaonana mbele ya safari.

FundiRedioUjiji

Hilo la bati? Tandika kadibodi chini ya bodi kabla ya yote.

KipimaBiti (siku kumi na mbili baadaye)

Wakuu mrejesho. Mzigo ulikuja juzi, nimetoboa king'amuzi matundu 24, tatu zimeenda upande maana drili ya jirani haina bito nzuri. Pico nimeishikilia kitufe cha BOOTSEL wakati nachomeka, ikatokea kama flashi, nikadondoshea CircuitPython (inayoifanya bodi isome kodi ya Python), nikaandika kodi. Nafungua FL nakuta kifaa kinaitwa CircuitPython Audio, nikaikubali. Pedi zote 16 zinalia. Mwanzo volyumu ya pili ilikuwa inafuata ya kwanza kama kivuli, kumbe nasoma haraka mno baada ya kubadilisha njia ya 4067, bado ina namba ya jirani. Nimesoma mara mbili nikatupa ya kwanza, imetulia. Jana usiku nimeshika katofu mkono huu na riverbu mkono huu, umeme ukakatika, laptopu ikaendelea na betri na mimi nikaendelea gizani.

Imebaki moja. Volyumu ya tatu inaenda kinyume, kulia inapungua. Nimebadilisha miguu ya pembeni wakati nasolda. Niandike 127 kutoa namba au nifungue boksi?

BintiWaIsevya

Andika 127 kutoa, nani atajua.

FundiRedioUjiji

Fungua boksi.