Mekanika ya A-level: kwa nini milinganyo ya mwendo inanigeuka?

Mwanafunzi wa Buruburu:
Nawasalimu nyote. Baada ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilianza kusomea A-level ya hisabati ya Cambridge hapa Nairobi, ambayo karatasi yake ya 4 ni ya mekanika, yaani hesabu za mwendo na kani: saa moja na dakika 15, alama 50. Hesabu zenyewe hazinitishi. Kinachonishinda ni kwamba natumia ile milinganyo mitatu ya mwendo tuliyoikariri katika fizikia, nakokotoa bila kosa, kisha jibu linatoka halina maana. Juzi tulipewa matatu inayoondoka kituoni na kusimama baada ya sekunde 6, mwendokasi wake ukiwa v = 6t − t². Nilichukua wastani wa mwendokasi wa mwanzo na wa mwisho, nikazidisha kwa muda, nikapata umbali wa sifuri. Je, niiache mekanika nichukue karatasi ya pili ya takwimu, ingawa nataka kusomea uhandisi wa ujenzi?

Mwalimu wa Hisabati:
Mwanangu, milinganyo ile haijakugeuka. Umeiita mahali isipohusika. Ina sharti moja, kwamba mchapuko, yaani kiwango cha mabadiliko ya mwendokasi, usibadilike, na hapa mchapuko ni 6 − 2t: mwanzoni ni 6, katika sekunde ya tatu ni sifuri, na baada ya hapo dereva anakanyaga breki. Rudi kwenye kalkulasi ya kidato cha nne. Intigrali ya v, inayotoa umbali, ni 3t² − t³/3, ambayo kutoka 0 hadi 6 inatoa 108 − 72, yaani mita 36. Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, jiulize kwanza kama mchapuko unabadilika. Nimesahihisha madaftari mengi ambayo swali hilo halikuulizwa kamwe.

Mhandisi Mwanagenzi:
Nakubaliana na Mwalimu, ila kosa la namna hiyo lipo pia kwenye kani, na huko linajificha zaidi. Weka jiwe la kilo 5 juu ya ubao ulioinama digrii 30, kizigeu cha msuguano (namba inayoonyesha jinsi nyuso mbili zinavyokwamana) kikiwa 0.8, na g, mchapuko wa mvutano wa dunia, ikiwa 10 kama Cambridge wanavyotaka. Uzito unalivuta jiwe kuteremka kwa niutoni 25. Ukizidisha 0.8 kwa kani ambayo ubao unalisukumia jiwe, niutoni 43.3, unapata 34.6, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba jiwe linapanda ubao lenyewe! Hiyo 34.6 ni kikomo tu, yaani msuguano mkubwa kabisa unaowezekana. Msuguano halisi ni 25, na jiwe limetulia. Usiiache mekanika, ndugu yangu, kwa sababu mwaka wa kwanza wa uhandisi umejaa michoro ya kani kama hii.

Mzazi wa Lang'ata:
Uliza kwanza shuleni kama karatasi hiyo ya pili ya takwimu inafundishwa, kwani si kila shule inayo mwalimu wake.

Mwanafunzi wa Buruburu:
Asanteni. Nimejaribu jiwe lilelile kwa 0.5. Kikomo cha msuguano ni 21.7, kwa hiyo linateleza kwa mchapuko wa 0.67. Nimekosea?

Mwalimu wa Hisabati:
Hujakosea. Andika vipimo.