Batoto ba Nkambo (Katuba): sinema ya siku ya posho

*Jumatano*

Nono, 18:02
Jambo yenu wote. Siku ya posho, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tunaangalia sinema mbili mu parcelle ya Katuba. Kwanza Alien ya 1979, kisha Prometheus ya 2012. Zote mbili ni za Ridley Scott. Nahitaji jenereta, projekta na shuka nyeupe isiyo na doa.

Nono, 18:03
Jibuni leo. Si kesho.

Trésor, 18:41
Shuka ya Mama Béa iko na maua mekundu. Tutasema ni damu 😂😂

Nono, 18:42
Trésor, projekta ya kwaya utaipata ao hapana?

Trésor, 18:50
Juu ya nini tusianze na ya 2012? Si njo mwanzo wa hadithi?

Nono, 18:58
Hapana, na nitaeleza mara moja tu. Ni kweli mambo ya Prometheus yanatokea mwaka wa 2093 na ya Alien 2122. Lakini ukianza na Prometheus umeua kitu. Kwenye ile ya kwanza watu watatu wanaingia mu chombo kilichoanguka. Wanakuta jitu limekaa kwenye kiti, limekufa zamani sana, mbavu zimepasuka kutoka ndani kwenda nje. Huwezi kujua mwili unaishia wapi na kiti kinaanzia wapi. Hakuna anayesema ni nani wala alitoka wapi. Scott aliwavisha watoto wake mwenyewe zile nguo za angani, wasimame pale badala ya wachezaji, ili jitu lionekane kubwa zaidi. Wanapita, wanaendelea na shida zao. Lile jitu miye nililiwaza miaka yote.

Nono, 19:01
Halafu miaka 33 baadaye Scott yuleyule anarudi kutuambia: ile haikuwa mifupa, ilikuwa vazi. Ndani mlikuwa na mtu mweupe, mrefu, kipara, mwenye uso kama wetu. Na hata urefu wamempunguzia! Nani aliomba kuelezwa?

Trésor, 19:03
Lakini ni chombo kilekile, si vile?

Nono, 19:04
Si kilekile! Ile ya 1979 iko kwenye mwezi unaoitwa LV-426. Hii iko kwenye mwingine, LV-223. Wametufunulia siri ya jitu lile na bado hawajatufikisha kwenye kiti chake.

Yaya Mado, 19:30
Jenereta ipi, Nono?

Nono, 19:31
Yaya, ile yetu.

Yaya Mado, 19:33
Ile tuliyonunua kwa mchango wa matanga? Ile iliyoenda Kolwezi "siku mbili"? Nilitaka tu nisikie kama kuna mtu anakumbuka.

Didi Kolwezi, 19:40
*Ujumbe huu umefutwa*

Yaya Mado, 19:41
Nimeusoma, Didi.

Trésor, 19:42
Jenereta nayo iko LV-223 😭😭😭

Nono, 19:44
Tafadhali. Sinema mbili ni karibu saa ine. Esanse ni ya kununua mapema. Nani anatoa nini?

Mama Béa, 20:15
Miye nasikia mnasema damu. Hiyo nyama inayoua bantu ni mashine ao ni mtu?

Nono, 20:19
Mama Béa, asante kwa kuuliza. Ni mtu. Anaitwa Bolaji Badejo, Mnaijeria, kijana aliyekuwa anasomea uchoraji London, mrefu kupita mita mbili. Mswisi H.R. Giger njo alibuni umbo, Badejo akaliingia. Ukiona ile mikono mirefu inajikunjua polepole ujue ni mwana wa Lagos. Kwenye Prometheus kapiteni wa chombo ni Idris Elba, baba yake ni wa Sierra Leone, mama yake wa Ghana.

Mama Béa, 20:21
Mungu amubariki.

Yaya Mado, 20:40
Miye ile ya 2012 niliiona kwa simu ya Trésor. Nafanya kazi ya kuzalisha wanawake, basi mniambie. Yule bibi anapasuliwa tumbo, ngozi inafungwa na vyuma, anaamka, anakimbia, anaruka shimo. Kwetu mwanamke akitoka kupasuliwa tunamushika mkono aende choo.

Trésor, 20:42
Na yule mwengine! Chombo kinabingirika nyuma yake, yeye anakimbia mbele tu. Hata kuku wa Katuba anajua kukata kona 😂

Nono, 20:55
Yaya, kwa kukimbia uko na haki. Trésor pia. Lakini angalia tena pale kabla hajapasuliwa. Anafika kwenye mashine, mashine inamwambia imetayarishwa kwa mwili wa mwanaume tu. Yuko peke yake, kitu kinasukuma ndani ya tumbo. Anabadilisha amri, anaomba kuondolewa kitu kigeni. Kile kioo kinafungwa, taa inapita juu ya ngozi, na yeye anatazama. Noomi Rapace pale anacheza kwa mwili wote. Nikiona pale nasamehe nusu ya sinema. Ile nusu ingine hapana.

Yaya Mado, 20:58
Kioo kinafungwa na mama peke yake ndani. Hiyo, ndiyo. Hiyo niliogopa.

*Alhamisi*

Baba Mukubwa, 05:36
Batoto, nimesoma yote. Mimi nilishuka chini ya ardhi kabla ninyi hamjazaliwa. Hiyo sinema ya 2012 nimeiona. Kuna mtu wa kuchunguza mawe, vyombo vyake njo vilichora ramani ya pango lote, kisha yeye njo anapotea. Nono, hapo mwandishi hajawahi kushuka. Lakini kuna kingine. Wafanyakazi wanasafiri wamelala zaidi ya miaka miwili, wanaamshwa kule njo wanaelezwa kazi. Na tajiri mwenyewe yumo ndani, amefichwa, watu hawajui. Hapo mwandishi anajua. Hiyo msiicheke.
Jenereta ilinunuliwa kwa matanga. Haitawaka kwa sinema mpaka Didi akae na mimi. Nimemaliza.

Yaya Mado, 05:50
Ndiyo, Baba.

Mama Béa, 06:12
Asante Baba Mukubwa 🙏🏾

Trésor, 07:30
🙏🏾

Nono, 09:14
Baba Mukubwa, nimesikia, na sitagusa jenereta. Ila mmenigusa pale kwa tajiri. Ni kwa ajili ya hiyo siwezi kuitupa sinema hii. Kuna David, mashine mwenye sura ya mtu, Michael Fassbender anamcheza. Wote wakiwa wamelala, yeye peke yake anaendesha baiskeli huku anatupa mpira kwenye kikapu, anaangalia sinema ya zamani, anapaka nywele rangi afanane na mchezaji wake. Anamuuliza mmoja wao kwa nini watu walimtengeneza. Anajibiwa: kwa sababu tuliweza. Na watu haohao wamevuka mbingu kwenda kuwauliza waliowaumba, yale majitu meupe, swali lilelile! Hakuna sinema ya mnyama iliyonifikirisha vile.

Nono, 09:17
Kwa hiyo njo nakasirika zaidi. Mwishoni Shaw, yule bibi aliyepasuliwa, anakataa kurudi nyumbani. Anaenda kuwatafuta, awaulize kwa nini waliwaumba bantu na kisha wakataka kuwaua. Nilingoja miaka mitano. 2017 wakatoa Alien: Covenant, Shaw amekwisha kufa, David njo alimuua, na wale wa kuulizwa amewamaliza. Walivunja siri ya jitu ili watupatie swali kubwa zaidi, kisha wakaliacha swali njiani. Wangeacha moja tu kati ya hivyo viwili nisingelalamika.

Trésor, 09:40
Yaya Nono, pumua 😅 Kwa projekta nimeambiwa niulize tena kesho.

Nono, 09:41
Kesho asubuhi ao jioni?

Didi Kolwezi, 21:47
Shikamoo Baba Mukubwa. Jenereta iko, ila kabureta imekufa. Ninashuka siku ya posho ao siku ya Mungu, tutakaa.

Yaya Mado, 21:49
"Iko."

Nono, 21:52
Didi, posho ao Mungu?

Nono, 22:10
Didi?

Nono, 22:15
Basi hivi. Siku ya posho umeme ukiwepo, tunaangalia ya 1979 peke yake. Prometheus inangoja Didi na Baba Mukubwa wakae. Yaya Mado, usimwambie mtu yeyote mambo ya kiti. Batoto chini ya miaka kumi na tano walale kwa Mama Béa.

Mama Béa, 22:31
Miye Junior. Niko na kumi na ine. Niliisha kuiona yote na Yaya Trésor.

Nono, 22:32
Trésor.